Mshipa Unaishia Wapi? Niliyojifunza kwa Kuufunza Mtandao wa Neva Kuchora Mishipa ya Retina

Mtu akiniuliza aanzie wapi katika kazi ya kuifunza kompyuta kutenga mishipa ya damu kwenye picha za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa namwambia aiache kwanza mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, ashike kalamu. Afungue picha moja kwenye programu ya kuchorea, aweke tabaka tupu juu yake, halafu aifuate mishipa kwa mkono wake mwenyewe mpaka imalizike. Picha moja tu inatosha. Wengi huona nawapotezea muda, maana wamekuja na hamu ya kuandika msimbo, lakini walionisikiliza hawajawahi kurudi na malalamiko.

Mishipa mikubwa haina taabu. Inachomoza kwenye duara la manjano ambapo neva ya jicho inaingilia, inapinda kwenda juu na chini kulizunguka eneo la kati la kuonea, na wekundu wake ulioiva unajitenga waziwazi na rangi ya chungwa iliyo nyuma. Taabu inaanzia kwenye matawi ya matawi. Kuna kimstari ambacho ukikaa mbali kidogo na skrini unakiona vizuri kabisa. Unaikuza picha ili ukichore, kinatoweka. Umebaki na viraba vya rangi, kimoja kimekolea kidogo kuliko jirani yake, cha pili hakijakolea, cha tatu huelewi. Unairudisha picha kwenye ukubwa wake, kimstari hicho hapo tena. Sasa ukichore au usikichore? Na kama unakichora, unakomea kwenye pikseli ipi, yaani kiraba kipi?

Nilipokuwa najifunza kuchora nilibahatika kukaa na daktari bingwa wa macho, mama mtu mzima asiye na haraka. Nikamwonyesha kimstari cha aina hiyo.

“Dokta, huu ni mshipa?”

“Ni mshipa.”

“Umejuaje? Mimi hapa katikati naona ukungu tu.”

“Mwanangu, huku nyuma si unauona? Na kule mbele si unauona? Sasa hapa katikati umekwenda wapi, umeruka?”

Dakika chache baadaye nikamwonyesha vimistari vingine, vyembamba zaidi, vinavyoanza hewani na kuishia hewani. Akanipungia mkono. “Hivyo viache. Hata nikivijua havinisaidii kitu.”

Karibu kila shida niliyokutana nayo baadaye ilikuwa ndani ya majibu hayo mawili. Anachokijua daktari ni kwamba damu haina budi kutoka mahali na kwenda mahali, hivyo mshipa hauwezi kukatika katikati ya njia. Anajua pia mishipa ipi ina faida kwake na ipi haina. Mtandao wa neva hauna habari hizo. Unachokiona ni pikseli na michoro tuliyoupa, na ile michoro ndiyo inayouambia mshipa unaishia wapi. Tukisitasita sisi, nao unasitasita.

Na wanadamu tunatofautiana kuliko tunavyodhani. Mkusanyiko wa picha uitwao STARE, uliotolewa Marekani, una picha 20 zilizochorwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Wa kwanza aliita mshipa asilimia 10.4 ya pikseli. Wa pili, kwa picha zilezile, asilimia 14.9, kwa sababu alivifuata vimishipa vyembamba ambavyo mwenzake aliviacha. Tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 40 ya kazi nzima ya yule wa kwanza! Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja alikuwa na jibu lake kwa lile swali la kukomea wapi. Ukiufunza mtandao kwa michoro ya wa pili kisha ukaupima kwa michoro ya wa kwanza, utaambiwa unaona mishipa isiyokuwepo, na utahangaika kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Mkusanyiko unaotumiwa kupita yote, DRIVE, ulitoka Uholanzi mwaka 2004, kwenye mpango wa kuwachunguza wagonjwa wa kisukari. Una picha 40, zenye upana wa pikseli 565 na urefu wa 584, nusu za mafunzo na nusu za majaribio. Zile za majaribio zilichorwa na watu wawili, na wa pili alinasa karibu asilimia 78 ya pikseli ambazo wa kwanza aliziita mshipa. Mitandao mingi ya siku hizi inapita hapo bila jasho, na huo ndio wakati ambapo maandishi hutangaza kwamba mashine imemshinda binadamu. Mimi sikubaliani na tafsiri hiyo. Mtandao uliofunzwa kwa michoro ya mtu mmoja, kisha ukapimwa kwa michoro ya aina ileile, umejifunza mazoea ya mkono wake: anavyonenepesha, anapochoka, anapokata. Yule mchoraji wa pili hakupewa nafasi ya kujifunza mazoea ya mwenzake. Alichora retina alivyoiona.

Kuhusu rangi sitakawia. Picha ya kawaida ina chaneli tatu, yaani tabaka za rangi nyekundu, kijani na bluu, na kwa kazi hii ya kijani ndiyo yenye neno. Himoglobini ya damu inafyonza sana mwanga wa kijani, kwa hiyo mishipa inatoka myeusi na nyuma yake panabaki peupe. Chaneli nyekundu mara nyingi imeungua kwa mwanga, na ya bluu ni giza lenye chengachenga. Wapo wanaoupa mtandao chaneli zote tatu wakisema utajichagulia wenyewe, na ni kweli hujichagulia, lakini kwa picha 20 za mafunzo sioni sababu ya kuuongezea mtihani. Nikishatoa ya kijani, nalinganisha mwanga kwa vipande vidogovidogo ili pembe zenye kivuli zisionekane ngeni kwa eneo la kati, basi.

Kabla ya kuwasha kadi ya michoro (GPU) ya kufunzia mtandao, nina desturi ya kupitisha picha kwenye kichujio cha zamani. Mwaka 1989 Chaudhuri na wenzake walitumia wazo rahisi: ukikata mshipa kwa upana wake, weusi wake unapanda na kushuka kwa umbo la kengele, hivyo tengeneza kichujio cha umbo hilo, kizungushe pande 12, na kila pikseli ichukue jibu kubwa kuliko yote. Mwaka 1998 Frangi na wenzake wakaja na njia ya kuangalia jinsi mwanga unavyojipinda kuzunguka pikseli. Hakuna kufunza wala kuchora. Matokeo yana kelele nyingi, yaani alama zisizo mishipa, hasa kwenye ukingo wa lile duara la manjano na kuzunguka madoa, lakini yanakupa sakafu ya kusimamia. Mtandao wako ukishindwa kukizidi kichujio cha 1989, kuna kitu kimekatika kwenye msimbo, na ni bora ukijue siku hiyohiyo.

Sasa huo mtandao wenyewe. Wengi wetu tunaanza na U-Net, iliyotolewa mwaka 2015 na Ronneberger, Fischer na Brox wa Freiburg, Ujerumani, kwa ajili ya picha za seli chini ya hadubini. Nusu ya kwanza inaipunguza picha hatua kwa hatua ili ielewe mazingira: hapa ni karibu na neva ya jicho, pale ni ukingoni, huu ni mshipa mkubwa unaokuja kutoka kushoto. Nusu ya pili inairudisha kwenye ukubwa wake. Katikati kuna madaraja yanayobeba maelezo ya kila hatua ya kushuka na kuyakabidhi kwa hatua inayolingana ya kupanda. Kwa mishipa, madaraja hayo ndiyo roho ya mashine. Picha ikipunguzwa nusu mara nne, pikseli 256 za mwanzo zinakaa mahali pa moja. Kimshipa chenye upana wa pikseli moja kinapita katikati ya hizo 256 na kupotea. Bila daraja la juu kabisa, hakirudi.

Kupunguza huko nusu kwa nusu kuna kero yake. 565 haigawanyiki kwa 16, wala 584. Unashuka 565, 282, 141, 70, 35, unapanda 70, 140, na daraja linakungoja na 141. Msimbo unakataa. Dawa yake ni kuiongezea picha ukingo mpaka 576 kwa 592 kisha kuukata mwishoni. Tukiwa kwenye kero: michoro ya DRIVE imehifadhiwa kwa mtindo wa GIF na picha zenyewe kwa TIFF, na zipo maktaba za kusomea picha ambazo hazisomi GIF. Hazilalamiki, zinakurudishia mikono mitupu. Tena ukibadilisha ukubwa wa michoro, usitumie njia ya kulainisha. Mchoro unatakiwa ubaki na thamani mbili tu, mshipa na si mshipa. Ukiulainisha unapata kijivu kwenye kingo, na kimshipa cha pikseli moja kinakuwa kijivu kitupu.

Tatizo lililonifundisha zaidi ni la hesabu. Ndani ya duara la picha za DRIVE, takribani pikseli moja kati ya nane ndiyo mshipa. Maana yake programu inayojibu “hakuna mshipa” kila mahali, bila kutazama chochote, inapata usahihi wa asilimia 87. Ukihesabu na zile pembe nyeusi zilizo nje ya duara, ambazo hata mtoto anajua hazina kitu, inavuka 90. Kwa hiyo nikisoma kazi inayojivunia usahihi wa 95 bila kusema ilihesabu eneo gani, nahisi nauziwa mbuzi ndani ya gunia. Nataka kujua imenasa kiasi gani cha mishipa, imesingizia kiasi gani, na kizingiti kilichaguliwaje. Mtandao hautoi ndiyo au hapana. Unatoa namba kati ya 0 na 1 kwa kila pikseli, na ni sisi tunaoamua pa kukata. Anayechagua pa kukata kwa kuangalia picha za majaribio ameshaona mtihani kabla ya kuufanya.

Wengi hukimbilia alama ya Dice, yaani mara mbili ya eneo ambalo mchoro wa mtandao na wa mtaalamu inalingana, ukigawa kwa jumla ya maeneo ya michoro yote miwili. Ni afadhali, lakini ifanyie hesabu kwa mkono uone tabia yake. Mshipa wa pikseli 3 uliochorwa pembeni kwa pikseli moja tu unapata 0.67. Mshipa uliochorwa kwa upana wa 3 pale mtaalamu alipochora 5, katikati kabisa, unapata 0.75. Na mshipa wa pikseli moja uliosogea kwa pikseli moja unapata sifuri, ingawa daktari akiutazama atasema upo palepale ulipo. Upande wa pili, chukua mshipa wenye urefu wa pikseli 200 na upana wa 3. Mtandao ukiukata katikati kwa pengo la pikseli 3, umepoteza pikseli 9 kati ya 600. Alama haishtuki. Lakini anayetaka kufuata njia ya damu hapo amefika ukuta. “Umeruka?”

Ndiyo maana siku hizi naangalia mapengo kabla ya kuangalia alama. Nachonga mchoro wa mtandao mpaka ubaki mstari wa katikati wenye upana wa pikseli moja, nahesabu vipande vilivyojitenga, nalinganisha na vipande vya mchoro wa mtaalamu. Tofauti huwa inatia aibu: mtaalamu ana miti michache iliyoungana, mtandao una rundo la vijiti. Mwaka 2021 ilitoka njia ya kuufunza mtandao kwa kuzingatia mstari huo wa katikati, iitwayo clDice. Inauliza kama mstari wa katikati wa mtandao uko ndani ya mishipa ya mtaalamu, na kama mstari wa katikati wa mtaalamu uko ndani ya mishipa ya mtandao. Niliipenda kwa sababu inaadhibu kitu ambacho macho ya daktari yanakiadhibu. Haimalizi mapengo yote. Inapunguza.

Kuna njia ya mkato ambayo karibu kila anayeanza ataijaribu: kuuambia mtandao kwamba kosa la kukosa mshipa lina uzito mara kumi ya kosa la kusingizia. Mishipa inaongezeka kweli. Inanenepa pia. Mtandao unagundua kwamba kupaka pikseli za pembeni ni bei rahisi kuliko kukosa moja ya katikati, na kabla hujakaa sawa, mishipa miwili inayopita karibukaribu imegandana. Ukiiangalia picha kwa mbali unafurahi. Ikuze.

Nimeona pia watu wakibadilisha mitandao kama mashati: leo yenye umakini, kesho yenye matabaka mazito, keshokutwa transfoma, aina nyingine ya mtandao. Sina ugomvi na transfoma, ila hapa tuna picha 20 za mafunzo. U-Net ya asili ina parameta, yaani namba inazozirekebisha wakati wa kufunzwa, zipatazo milioni 31. Mwaka 2022 Adrian Galdran na wenzake walionyesha kwamba mitandao midogo, yenye parameta zisizofika laki moja, ikifunzwa kwa uangalifu inalingana na mikubwa kwenye kazi hii hii. Matokeo hayo hayakunishangaza. Kilichokuwa kinanisogeza mbele kila mara kilikuwa kuzungusha picha, kuzigeuza, kubadili mwanga wake na kuzikunja kidogo ili 20 zionekane nyingi, pamoja na kukaa chini na kuangalia mahali mtandao ulipokosea. Kuigeuza picha kushoto kwenda kulia hakuna ubaya, jicho la kulia linakuwa la kushoto na mishipa inabaki mishipa.

Makosa yenyewe yana mtindo, na ukishayazoea unaweza kuyabashiri. Ateri kubwa, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ina mng'ao mweupe unaopita katikati yake, mwanga wa kamera unaporudi kutoka kwenye damu. Mtandao usioona mbali unachora kingo mbili nyeusi na kuliacha pengo katikati, mshipa mmoja unakuwa mistari miwili inayokwenda sambamba. Ateri inapopita juu ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, vena hiyo inakatika kabla ya kivuko na kuendelea baada yake. Ukingo wa duara la manjano unachorwa kama mshipa uliojikunja. Ukingo wa picha yenyewe, pale mwanga unapoishia na weusi unapoanza, nao pia. Na palipovuja damu, mtandao uliozoea macho mazima unaona mshipa mnene uliojikusanya.

Hilo la mwisho si dogo. Kati ya picha 40 za DRIVE, 33 hazina dalili zozote za retina kuharibiwa na kisukari, na 7 zina dalili za mwanzo tu. Mtandao unaofunzwa hapo unakua ukijua kwamba kila kitu chekundu kilichokolea ni mshipa. Halafu tunaupeleka kwa wagonjwa, ambao ndio wenye madoa, makovu ya leza na mafuta yaliyoganda, na tunashangaa. Mikusanyiko mipya imejaribu kurekebisha hilo. FIVES, ya mwaka 2022, ina picha 800 zenye pikseli 2048 kwa 2048, zilizogawanywa sawasawa katika makundi manne: macho mazima, ya kisukari, ya glakoma, na yenye makula (lile eneo la kati la kuonea) iliyochakaa kwa umri. Kama ningekuwa naanza leo ningeanzia huko, na DRIVE ningeiacha kwa kulinganisha na kazi za zamani.

Ukubwa wa picha nao unaangusha watu. HRF, mkusanyiko wa Ujerumani wenye picha 45, ina picha za pikseli 3504 kwa 2336. Mshipa ambao kwenye DRIVE una upana wa pikseli 8, huko unaweza kufika makumi. Mtandao uliofunzwa kwa picha ndogo ukipewa hizo, unaukuta mshipa mkubwa mpana kuliko dirisha lake la kutazamia, hivyo katikati ya mshipa kwake ni uwanja mtupu, na unachora kingo peke yake. Kabla ya kusema mtandao haufai kwa kamera nyingine, pima kipenyo cha lile duara la picha kwa pikseli, badilisha ukubwa mpaka vipenyo vilingane, ujaribu tena. Mara nyingi nusu ya ugomvi unaisha hapo.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita, nalo ni ugawaji wa picha. CHASE_DB1, kutoka Uingereza, ina picha 28. Ukisoma haraka unadhani ni watu 28. Ni watoto 14, kila mmoja macho yote mawili. Ukizichanganya picha ovyo na kuzigawa, jicho la kushoto la mtoto linaingia kwenye mafunzo na la kulia kwenye majaribio. Macho mawili ya mtu mmoja yamepigwa kwa mwanga mmoja, yana rangi moja ya nyuma, na yamechorwa na mkono mmoja siku zilezile. Mbaya zaidi ni wanaokata picha vipande vidogo kwanza, ndipo wanachanganya vipande na kuvigawa. Kipande cha majaribio kinakuwa kimepakana na cha mafunzo, wakati mwingine vinaingiliana. Niliwahi kuletewa matokeo ya namna hiyo niyakague, na alama zilikuwa zinang'aa ajabu. Nikaomba yagawanywe upya kwa mtu badala ya kipande, na mng'ao ukapungua. Huko ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Gawa kwa mtu kwanza. Mengine yafuate.

Tuseme sasa mishipa imetoka vizuri. Ya nini? Swali hili wahandisi huliuliza mwishoni, na daktari wangu aliliuliza mwanzoni. Ikiwa lengo ni kujua kama mgonjwa wa kisukari anahitaji kupelekwa kwa bingwa, huhitaji mchoro wa mishipa hata kidogo. Timu ya Google ilionyesha mwaka 2016 kwamba mtandao unaweza kuipa picha nzima daraja la ugonjwa moja kwa moja. Mchoro wa mishipa una kazi pale unapotaka kupima mishipa yenyewe: upana wake, jinsi inavyojipindapinda, jinsi inavyogawanyika. Shinikizo la damu linaibana ateri, kwa hiyo upana wa ateri ukilinganishwa na wa vena una habari ndani yake. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, mishipa iliyotanuka na kujisokota ni dalili ambayo daktari anaitafuta.

Na hapo ndipo ile pikseli moja iliyodharauliwa na alama inaporudi kudai haki yake. Ateri yenye upana wa pikseli 8 ikichorwa 7, umepunguza upana wake kwa zaidi ya asilimia 12. Ukibadilisha kizingiti kidogo tu, kutoka 0.5 hadi 0.4, mishipa yote kwenye picha inapanuka kwa pamoja, na hakuna aliyeugua wala kupona. Kwa sababu hiyo siutumii mchoro mweusi na mweupe kupimia upana. Naufanya uniambie mshipa uko wapi na unaelekea wapi, nachora mstari unaoukata kwa pembe mraba, kisha narudi kwenye picha yenyewe ya chaneli ya kijani na kusoma weusi unavyoshuka na kupanda kando ya mstari huo. Umbo la kengele la 1989, lilelile, ndilo ninalolilinganisha hapo, na upana unatoka kwa sehemu za pikseli badala ya pikseli nzima.

Kinachonishughulisha sasa ni kutenganisha ateri na vena. Ateri ni nyembamba kidogo na ina wekundu wa kung'aa zaidi, vena ni nene na imeiva. Karibu na neva hata mgeni anazitofautisha. Ukishafika kwenye matawi ya tatu rangi zinafanana, na njia pekee ya kujua ni kuufuata mshipa kurudi nyuma mpaka ulipotoka. Ukikuta pengo njiani, huna jibu. Nimemwomba yule daktari anichoree upya baadhi ya picha kwa rangi mbili, na safari hii nimemwomba aongeze rangi ya tatu, ya kusema “sijui”. Aliuliza kama inaruhusiwa. Pikseli za rangi hiyo nitaziondoa kwenye hesabu ya kosa wakati wa kufunza, mtandao usiadhibiwe kwa jibu lolote utakalotoa hapo.